Fomu za Namba Kumi na Saba

Siku mguu wa Kijiti ulipovunjika, kwenye mzunguko wa tisa wa mbio za mchujo, Mama Fomu alikuwa ofisini akiandika kwamba wanariadha wa kambi wanaendelea vizuri. Hakuwa anadanganya. Hesabu zake zilisema hivyo, naye alikuwa mtu wa kuamini hesabu kuliko macho yake.

Jina la Mama Fomu alipewa na wakimbiaji wenyewe. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi mashindano yanavyowachosha watu akili, na kila Jumatatu, kabla ya chai, aliingia bwaloni na fomu ya maswali thelathini: umelala vipi, unakula vipi, moyo ukoje, mwili unauma kiasi gani. Unazungushia namba, moja hadi tano, unatia fomu kwenye bahasha na kuifunga mwenyewe kwa gundi. Hakuna jina, kuna namba yako tu. Kocha haruhusiwi kuzigusa. Kwa hilo Mama Fomu alikuwa mkali kama pilipili, na Kocha alizoea kumtania.

"Wewe na siri zako. Hapa siri ni moja tu, kukimbia."

Kweli hakuzigusa. Alipita tu kati ya meza, mikono nyuma, akichungulia nani anazungushia nini.

Jumatatu ya kwanza kabisa Mama Fomu aliwapa somo. Aliwaambia kuwa hofu ya mashindano hujificha mwilini, na kwamba maumivu mengine hayatoki kwenye mfupa wala msuli, yanatoka kwenye mawazo. Alisema vizuri, wakampigia makofi. Kocha alipiga kuliko wote.

Fomu zilisomwa na mashine, upande wa mbele peke yake. Tena kulikuwa na kanuni, na kanuni hiyo aliitunga Mama Fomu mwenyewe: mtu akichagua namba ileile kwa maswali yote thelathini, huyo hakuyasoma, amelipua kazi. Fomu yake inatolewa kwenye hesabu. Namba kumi na saba alilipua wiki saba mfululizo. Tatu, tatu, tatu, kutoka juu hadi chini. Hakujua kumi na saba ni nani, wala hakutakiwa kujua. Alisonya, akazitia kwenye boksi la zilizokataliwa, akajisemea kwamba asiyekuwepo na lake halipo.

Siku ya tatu baada ya mchujo, dada mkubwa wa Kijiti alibisha hodi. Alikuwa fundi cherehani, na sindano mbili zilikuwa bado zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi yake. Alitoka moja kwa moja wodini. Daktari alikuwa amemweleza kuwa mfupa wa muundi ulikuwa na ufa wiki nyingi kabla ya kukatika. Wameutia chuma, na binti atatembea, ila kukimbia asahau.

"Pole sana, dada," Mama Fomu alisema, na alimaanisha. Kambi nzima walikuwa wakirudia kwamba mficha maradhi kilio humfichua, naye aliona wamesema kweli. "Tatizo ni kwamba alinyamaza. Angesema mapema tungemsaidia."

"Alisema."

"Alimwambia nani?"

"Wewe, mama. Kila Jumatatu. Anasema alikuwa anakuandikia nyuma ya karatasi, Kocha akiwa upande wa pili. Amenituma nikuulize kama ulizisoma."

"Namba yake ilikuwa ngapi?"

"Kumi na saba."

Mama Fomu alivuta boksi kutoka chini ya meza, akatoa fomu ya kwanza na kuigeuza. Mwandiko ulikuwa mdogo, umebanwa pembeni.

*Samahani mama, mbele nimejaza tatu tupu kwa sababu Kocha anachungulia. Muundi wa kushoto unauma nikikanyaga.*

Ya tatu: *Nimemwambia Kocha. Amesema ni mawazo, na kwamba wewe ndiye uliyetufundisha. Ni kweli? Mbona mawazo yanauma mahali pamoja tu?*

Ya tano: *Nalia bafuni nikiwa nimefungua maji. Ukinitazama tu bwaloni nitajua umesoma.*

Alijaribu kukumbuka kama aliwahi kumtazama. Alikumbuka bahasha. Alikumbuka namna alivyozihesabu mara mbili kila wiki, akifurahi kwamba zote zimefungwa vizuri.

Ya saba ilikuwa na mstari mmoja. *Labda ni mawazo kweli, najitahidi kuyaacha.*

Ya nane haikuwamo kwenye boksi. Aliitafuta mpaka akaipata kwenye faili la zilizokubaliwa. Mbele ilijazwa kwa utulivu, nne hapa, tano pale, usingizi mzuri, moyo mzuri, maumivu moja. Nyuma palikuwa peupe. Hiyo ndiyo fomu pekee ya kumi na saba iliyoingia kwenye hesabu, na ilikuwa imepandisha wastani wa wiki ile ya mwisho. Mama Fomu aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni.

Dada alikuwa amesimama tu, pochi kifuani. Hakuomba kuzisoma.

"Nikamwambie nini?"

Mama Fomu alifikiria kumweleza habari ya mashine. Alifikiria kumweleza kanuni, na kwa nini watafiti wanaihitaji, na kwamba siri ile iliwekwa kwa ajili ya kumlinda mtu kama Kijiti. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja ambalo mtu angeweza kumpelekea mgonjwa kitandani.

"Mwambie sikusoma," alisema. "Na umwambie hayakuwa mawazo."

"Hilo la pili," dada alisema, akigeukia mlango, "ameshaambiwa na daktari."