Nyayo za Cecilia na Ngusa

Asubuhi baada ya harusi yake, Agosti mwaka 1993, Cecilia alitoka na ndoo kwenda bombani, pale Nsemulwa, akakuta mistari miwili ya maboga machanga imeota kutoka barabarani hadi mlangoni kwake. Ilikuwa imeota katika nyayo zake na za mumewe Ngusa, pale walipopita jana wakitoka kanisani wameshikana mikono. Jirani yao Minza alikuwa ameshainama anachuma.

"Majani laini haya," Minza alisema. "Mchana nitawapikia na karanga."

Ngusa alikuwa fundi baiskeli sokoni Mpanda. Wazazi wake walihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Cecilia alikuwa mshonaji, Mpimbwe wa Usevya, mtoto pekee wa mjane aitwaye Capitoline. Wote wawili walipenda kutembea. Kila Jumapili baada ya misa walishika njia ya Kabungu, wakatafuna miwa na kupiga soga, na kesho yake njia ile ilikuwa imeota chochote ambacho mtu aliwahi kukiweka ardhini pale: mtama, njugu, viazi. Wenye mashamba waliwaomba wakatishe kwao. Katekista naye aliwaomba waingie kanisani mmoja mmoja, maana nyanya zilikuwa zinainua saruji.

Oktoba walipanda lori kwenda kutazama viboko waliobanana kwenye tope la mto. Kiboko mmoja alipiga miayo, Ngusa naye akapiga, na Cecilia akacheka mpaka kanga ikamfunguka.

Mvua za kwanza ziliponyesha walikwenda Usevya kumsalimia Capitoline. Hawajamaliza chai, akaingia Makarius, baba mdogo wa Cecilia. Huyu alikuwa na shamba zuri karibu na kijito. Capitoline ndiye aliyelilima kwa miaka ishirini na miwili. Mumewe alipofariki, wiki ile ile tanga lilipoanuliwa, Makarius alilichukua, akasema shamba la ukoo haliendi kwa mwanamke.

"Mkwe, piteni na kwangu," Makarius alimwambia Ngusa. "Nataka kupanda mpunga."

Cecilia alimtazama mama yake.

"Piteni," Capitoline alisema. "Ni baba yenu."

Wakapita, wameshikana mikono, shamba zima.

Asubuhi hapakuwa na mpunga. Katika kila unyayo lilikuwa limeota jembe lisilo na mpini, limesimama wima kwenye udongo. Mengine yalikuwa yamelika mpaka yakabaki na upana wa kiganja cha mtoto. Capitoline alipita katikati yake akiyagusa.

"Hili lilivunjika kwenye kisiki nikiwa na mimba yako," alimwambia Cecilia. "Hili marehemu baba yako aliniletea kutoka Mpanda kwa miguu."

Mwenyekiti wa kijiji aliitwa. Alitembea shamba lote, akamuuliza Capitoline kama anayatambua. Aliyatambua yote.

"Basi hakuna ubishi," mwenyekiti alisema. "Majembe ni ya mama. Shamba ni la ukoo."

Wazee waliokuwepo waliitikia kwa vichwa, wakawahi nyumbani kabla ya mvua. Makarius aliyang'oa majembe. Yaliyolika alimpelekea shemeji yake. Yaliyobaki na makali aliyatia mipini, akalimia.

"Kwake sipiti tena," Cecilia alisema jikoni, huku machozi yakimtoka.

"Usipite," mama yake alijibu. "Lakini msiache kutembea, nyie. Mimi na baba yako hatukupata nafasi hiyo. Tulikuwa shambani."

Hawakuacha. Krismasi walicheza ngoma Kabungu mpaka ua wa wenyeji wao ukaota maharage, na wenyeji wakaujengea uzio. Pasaka walikwenda stesheni kuona treni ikiingia. Walitembea kando ya reli kutoka mwanzo hadi mwisho wa stesheni, na kesho yake hapakuota kitu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupanda kitu pale. Walifurahi vilevile. Mwezi Juni Cecilia alishona magauni ya ubatizo manane, na kila mzazi aliwaalika.

Agosti walisherehekea mwaka wao wa kwanza. Uani kwao palijaa watu, Minza akisimamia masufuria, vijana wa Kisukuma wakicheza na watoto wa kwaya. Makarius alifika kwa basi akiwa na gunia la mchele mpya wa shamba la kijitoni. Alipokewa vizuri, akapewa kiti, na mchele ukapikwa.

Capitoline alipakuliwa wa kwanza. Ngusa aliacha kucheza. Cecilia alisimama karibu na mama yake akiwa na jagi la maji, akingoja.

Mama yule alitafuna polepole.

"Udongo ule bado mzuri," alisema, akanyoosha sahani aongezewe.