Ngoro za Herieth

"Hivi huyo binti wa ziwani, mla dagaa, ngoro ataziweza?"

Swali hilo la jirani yake Otilia, Mama Scholastica alitoka nalo Kigonsera, akateremka nalo milima yote hadi mji mdogo wa mtoni, chini ya bwawa la umeme, anakofanya kazi mwanawe Kilian. Rozari mkononi, jibu moyoni. Kilian alitaka baraka ya ndoa. Yeye alikuja kukataa. Kwao Umatengoni ngoro, yale mashimo ya shambani yanayozuia mvua isikombe udongo, huchimbwa na wanawake wa nyumba moja. Mama hachimbi na mtu asiye wake.

Herieth, binti mwenyewe, alimpokea kwa magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akamwandalia ugali na samaki wa ziwani, mbasa wa kuchoma. Mama alikula kidogo, macho yakitembea. Nyumba imefagiliwa, maji ya kunywa yamefunikwa. Ng'ambo, mitambo ilivuma kama mzinga wa nyuki.

"Mama, njoo uone."

Nyuma ya nyumba, kwenye tambarare ya ukingo wa mto, kulikuwa na ngoro. Zimepangwa vizuri, maharage yamechipua kuzizunguka.

"Nani kachimba?"

"Mimi, mama. Kilian alinichorea chini kwa kijiti. Nilitaka ukija ujisikie uko kwako."

"Kilian! Hukumwambia ngoro ni ya mteremkoni?"

Kilian akajikuna kichwa. "Nilisahau, mama. Kwetu si kila mahali ni mteremko?"

Mama alitaka kucheka, akajizuia.

Mara king'ora cha bwawa kikalia. Mvua zilikuwa zimelijaza, sasa malango yanafunguliwa. Mto ukavimba, ukapanda ukingo, ukaingia shimo hili, ukahamia lile, mpaka maharage yote yakazama. Herieth alisimama anatazama tu, machozi yakimlenga.

"Nimekuaibisha, mama."

Wakarudi ndani. Kilian hakuweza kungoja zaidi.

"Sasa mama, ile ndoa unasemaje?"

Mama Scholastica alivishika viganja vya Herieth, akavigeuza. Vilikuwa na sugu changa, bado nyekundu. Akavaa rozari shingoni, akakaza kanga kiunoni.

"Kilian, kafyeke majani kwenye mteremko ule juu ya nyumba, uyapange miraba ya ngoro. Hiyo ndiyo kazi ya mwanaume."

Akachukua majembe mawili yaliyoegemezwa mlangoni. Moja akampa Herieth, jingine akalitia begani, akatoka naye kuelekea mteremkoni.