Maji Mapya Katika Rejeta

Jumamosi ile baridi ilikuwa imelegea kidogo, Rangel akaamua kubadilisha kulanti, yale maji ya dawa ya kupozea injini, ya lori lake. Mkewe, Zdravka, akashika beseni. Lori lilikuwa kuukuu, la dizeli, la kubebea magogo, na ndilo lililowalisha wao pamoja na mama yake Rangel, bibi Velika. Fundi Blagoy, jirani yao, akaja kuegemea ua na kutoa ushauri ambao hakuna aliyemwomba. Watu wa kijiji chetu cha Kamendol ndivyo tulivyo: ukifungua boneti, umeitisha mkutano.

"Tia nyekundu, Rangel. Hiyo ya kijani ni ya vigari vya walimu."

"Wewe Blagoy unachagua kulanti kama bibi harusi anavyochagua utepe," Rangel alimjibu. "Rangi ni rangi tu, kila kiwanda kinatia ipendayo. Soma mgongo wa dumu! Injini kama hii inataka yenye dawa ya kulinda silinda, la sivyo zitaliwa vitobo kama jibini."

"Haya, profesa. Na ile ya zamani iliyobaki humo?"

"Inatoka yote. Ukichanganya zisizopatana unapata uji, na uji haupozi injini. Zdravka, unasikia lakini? Haya ni yako pia."

Alisema hivyo kwa sababu tangu majani yaanze kupukutika kifua kilikuwa kinambana, na Zdravka alikuwa na leseni ya malori tangu enzi za mashamba ya ushirika. Wakafungua koki, wakasuuza rejeta mpaka maji yakatoka meupe, wakachanganya kulanti na maji safi ya betri nusu kwa nusu, kipimo kisichoganda hata Januari ikikaza meno. Rangel akapanda, akawasha injini na kufungua hita ili hewa itoke. Zdravka alisimama juu ya bampa akitazama mapovu, akiongeza kidogo kidogo. Mapovu yalipokoma akafunga kifuniko.

"Zima!"

Injini iliendelea kunguruma. Akaita tena, akamtania kuwa ni kiziwi, kisha akashuka na kufungua mlango. Rangel alikuwa ameegemea usukani, macho wazi. Alikuwa amekwisha. Zdravka mwenyewe ndiye aliyezima injini.

Kwetu mtu akifa, maji yote yaliyokuwapo humwagwa, maana mtoa roho huosha kisu chake katika maji yaliyo karibu. Bibi Velika alimwaga birika, ndoo, sufuria, hata maji ya vyombo vya maua, kisha akateremka chemchemini kuchota mapya. Alipanda na kushuka alasiri nzima. Hakuna aliyemfuatilia. Nani amfuatilie mama aliyefiwa na mwanawe wa pekee?

Jioni watu wakajaa nyumbani. Metodi, msimamizi wa mbao, alimpa Zdravka mkono na kumvuta pembeni.

"Pole sana, dada. Njia ya msituni ilikuwa ya Rangel, na sipendi kuipokonya nyumba yenye msiba. Lakini kiwanda hakijui msiba. Lori likifika Jumatatu, njia ni yenu. Lisipofika, nampa mwingine."

"Litafika. Nitaliendesha mimi."

Blagoy alipaliwa na rakia, ile pombe kali ya matunda. "Wewe? Kwenye kona za kule juu wanaume wanawaita watakatifu wote kwa majina!"

"Basi nitawaita na mimi. Nawajua kuliko nyinyi, kanisani hamwendi."

Wanaume wakacheka, wakakumbuka maiti iko chumba cha pili, wakanyamaza. Msidhani Zdravka alikuwa shujaa. Kona zile alikuwa akiziogopa sana. Ila aliogopa zaidi Italia, walikokwenda wajane wenzake kuogesha vikongwe vya watu kwa ujira. Yeye akienda, kikongwe chake angemwachia nani?

Jumapili wakamzika Rangel katika ardhi iliyobidi kuvunjwa kwa sururu. Baridi ilikuwa imerudi, na hasira juu.

Jumatatu kulipopambazuka Zdravka alivaa koti la mumewe. Kabla ya kuwasha injini akafungua kifuniko cha rejeta, kama alivyofundishwa. Kidole chake kiligonga barafu. Nayo ilikuwa nyeupe, safi, kama ya kijitoni. Moyo ulimpasuka kabla hajaiona injini yenyewe. Akamwita Blagoy, naye akainama na tochi. Ufa ulikuwa umetembea ubavuni mwa injini kutoka mbele hadi nyuma.

"Nani katia maji matupu humu?" aliuliza Blagoy. "Barafu imevimba ikaipasua. Hii haichomeleki, Zdravka. Hiki sasa ni chuma chakavu."

Bibi Velika alikuwa akija kutoka jikoni, ndoo ya maji ya moto mkononi, mvuke ukimficha uso.

"Ni mimi," alisema. "Mwanangu alifia humo. Mngetaka yabaki, yale maji ya kifo? Nikafungua koki nikayamwaga. Nikatia ya chemchemi."

"Mama!" Zdravka alimaka. "Hujui kwamba maji yanaganda?"

"Usinipigie kelele, najua. Baba yake Rangel aliendesha lori la serikali, na enzi hizo tulitia maji tu. Asubuhi nilimletea ya moto, jioni yeye alifungua koki yakatoka. Ya asubuhi yalikuwa yangu, ya jioni yake. Wanawake hatukuigusa jioni." Akaitazama injini, kisha Blagoy, kisha mkwewe. "Nilijua jioni mtu atafungua."

Zdravka alikuwa na maneno mdomoni, machungu, ya kukata maini. Badala yake aliipokea ile ndoo kutoka mkononi mwa bibi, akabaki ameishika mpaka maji yakapoa. Kisha akampigia simu Metodi.

Kabla ya Pasaka alikuwa Italia, akimwogesha mama wa mtu mwingine. Chuma chakavu kimebaki uani, hakuna aliyekuja kukichukua. Blagoy anasema kila jioni, jua likizama, bibi Velika hutoka na fimbo yake, huinama chini ya lori na kuifungua koki, na husubiri pale kwa muda mrefu, ingawa hakuna kitu kinachotoka.