Wasomaji Kumi na Mmoja wa Malinya

Mimi ni mtu wa namba, na sipendi kubishiwa. Kwa hivyo Jumanne ile Wanzala, mhariri wetu, aliponiuliza kama ukurasa wa Mwalimu Protus una wasomaji, sikupepesa macho. Nilimwambia ni kumi na mmoja, kwa mwezi mzima.

"Kumi na mmoja tu, Beverly?"

"Na mmoja wao ni Mwalimu mwenyewe, anajisoma."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Tovuti yetu ya habari ina ofisi ya vyumba viwili mjini Kakamega, na kila ukurasa lazima ujitetee. Wa Protus hutoka kila Jumatano asubuhi, kwa Kiidakho, lugha ya kwetu: fahali gani watapigana Jumamosi, matanga ya nani yako wapi, shimo gani la dhahabu limelegea kwa mvua na lisiingiwe. Wanzala aliamua ufungwe Ijumaa. Akanituma mimi nikamwambie mzee, maana kwetu ni Malinya na hesabu ni yangu.

Nilikwenda kesho yake kwa bodaboda, nimenuna njia nzima. Protus alinifundisha darasa la sita. Mkewe alifariki mwaka juzi, na tangu hapo ukurasa ule ndio unaomtoa nyumbani: anazunguka shimo hadi shimo akiuliza maswali, anaandika kwenye daftari, kisha anachapa yote kwa kidole kimoja. Nilijua hayo yote. Ila namba ni namba, nikajiambia, halafu nikapitia kwanza kwa mama ili nisifike kwa Mwalimu haraka.

Mama alikuwa amekaa nje, simu mkononi. Wanawake watatu walikuwa wakipukuchua mahindi karibu naye, na mzee Andati, jirani yetu ambaye macho yamemwacha, alikuwa kwenye kiti chenye mgongo.

"Mulembe, Beverly. Kaa, lakini usinikatize," mama akasema.

Alikuwa akisoma kwa sauti. Nilikaa nikasikia kwamba shimo la karibu na mto lina nyufa na vijana wasishuke. Andati akainuka papo hapo, akashika fimbo yake, akaenda kuwatafuta wanawe.

"Mama, kwani ukurasa huu mnausomanga?"

"Kila Jumatano. Mimi nasoma, hawa wanasikianga. Nikimaliza nazima bando."

Nilihesabu haraka: watu watano kwenye ua mmoja. Kumi na mmoja wangu wakaanza kunipa wasiwasi. Nikatoa simu yangu, nikafungua kipimo chetu cha wageni, kile kinachoonyesha nani ameingia kwenye tovuti na kutoka wapi. Nikamwomba mama afungue ukurasa tena. Nilingoja kuona Kakamega, au hata Nairobi, kwa sababu kipimo hicho hupenda kutuweka Nairobi, ambako kampuni za simu huingilia mtandaoni. Mimi mwenyewe huwa kinaniweka Nairobi nikiwa nimekaa ofisini.

Kikaandika: Norwe, mgeni mmoja.

Nikamwambia afunge, afungue tena. Norwe.

Hapo nikaelewa, na nikatamani nisingeelewa. Simu ile nilimnunulia mimi. Ni mimi niliyemwekea kivinjari kinachobana kurasa ili bando lisiishe upesi, na siku hiyo hiyo nikawawekea marafiki zake wote wa kanisani, huku nikijisifu. Kivinjari hicho hakifungui ukurasa chenyewe. Kinatuma mtambo ulio ng'ambo uufungue, uubane, halafu umletee mama. Kipimo changu kinauona mtambo, hakimwoni mama. Na kila mwezi, kabla ya kumpa Wanzala ripoti, mimi hufuta mstari wote wa wageni wa Norwe. Nilidhani ni roboti zinazozurura mtandaoni, kwani nani huko anajua Kiidakho? Kazi hiyo niliiita kusafisha.

Nilimweleza mama, polepole.

"Sasa kwa hesabu yako mimi niko wapi?"

"Norwe."

"Na huko ukanifanya nini?"

"Nilikufuta."

Hakukasirika. Aliweka simu chini, akaanza kupukuchua mahindi na wenzake. Mimi niliona aibu ya kweli, aibu ya kutaka kujificha jikoni.

Nilipotoka nikakutana na Protus njiani, daftari kwapani, viatu vimejaa matope.

"Beverly! Namba zangu zinasemaje?"

Ujumbe wa Wanzala ulikuwa mdomoni, nikaumeza. "Sijui, Mwalimu. Nimekosea hesabu."

"Rudia," akasema, vile vile alivyokuwa akisema darasani, akaendelea na safari yake.

Ijumaa nilimwekea Wanzala ripoti mpya mezani. Mstari wa Norwe ulikuwa umerudi: mara mia mbili arobaini na tatu.

"Hawa ni watu au ni roboti?"

"Wengi ni watu, nadhani. Wengine roboti. Siwezi kuwatenganisha wote. Na simu moja inaweza kuwa na wasikilizaji wanne, au isiwe na hata mmoja."

"Jumanne uliniambia kumi na mmoja bila hata kupepesa."

"Nilikosea. Kumi na mmoja ni wale tu ambao kipimo kinawaona, wenye bando la kuchezea."

Maneno hayo yalinitoka kwa shida, maana sijazoea kuyasema. Wanzala aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema ukurasa ubaki.

Jioni nilimpigia mama simu.

"Ukurasa umebaki, Mama."

"Na mimi nimerudi kutoka Norwe?"

"Umerudi."

"Na Andati je?"

"Andati hana simu. Kipimo hakiwezi kumwona."

"Lile shimo la mtoni liliporomoka jana mchana," akasema. "Hakukuwa na mtu ndani. Vijana wake wawili walikuwa hapa kwangu, wanakula obusuma."

Tulipoagana nilifungua ripoti tena. Chini ya jedwali, pale ambapo huwa siandiki kitu, nikaandika: Andati, na wanawe wawili.