Kanisa Lilipomfikia Mama

Jumanne asubuhi Fundi alipompelekea mama yake chai, alikuta benchi la kanisa limetokeza ukutani, juu kidogo ya kitanda, urefu wa mkono wa mtu mzima. Aliweka kikombe kwenye stuli, akakung'uta vumbi la saruji kwenye shuka, akasogeza mto usije ukachafuka. Mama alikuwa macho. Alilitazama lile benchi kama mtu anavyomtazama jamaa aliyeingia bila kubisha hodi, ambaye huwezi kumfukuza kwa kuwa ni wa ukoo.

"Limeingia alfajiri," alisema Mama. "Nilidhani ni Mchungaji."

Nyumba yao ilipakana kwa nyuma na kanisa la Kianglikana la mtaa ule. Kati ya ukuta wa kanisa na ukuta wa chumba cha Mama palikuwa na kichochoro cha kuanikia nguo. Kichochoro hicho kiliisha wiki iliyopita. Fundi alikwenda kuanua shuka, akazikuta zimebanwa katikati ya kuta mbili, zimenyooka kuliko ambavyo pasi yake ingeweza kuzinyoosha. Alizivuta moja moja, akazikunja, akaziweka kabatini.

Sababu ilijulikana kwa kila mtu. Kamati ya Utume na Ukuaji ilikuwa imewasilisha mpango wake baada ya ibada, waumini wakaupitisha kwa kunyoosha mikono, na mwenyekiti akasoma kaulimbiu kwa sauti ya kishindo: "Kanisa Linalokua, Kumfikia Kila Mtu." Kesho yake kanisa likaanza kukua. Lilianzia barazani, likameza ua wa maua na kiti cha mlinzi. Mlinzi akajikuta ndani, akaendelea kulinda humo humo. Hakuna mjenzi aliyeitwa. Kuta zilisogea zenyewe, polepole, kama mtu anayejigeuza usingizini, na paa likazifuata bila kuvuja. Mchungaji alimshukuru Mungu wakati wa matangazo.

Waumini hawakuongezeka. Hilo halikutangazwa. Walichofanya ni kukaa mbalimbali zaidi, na wakati wa kupeana amani walilazimika kupungiana mikono.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa kaka yake Fundi, kifungua mimba wa mama yule yule aliyelala chini ya benchi.

Mama alikuwa mtu wa kanisa kindakindaki. Alibatizwa hapo, akapata kipaimara hapo, akaolewa hapo, akamzika mumewe kutokea hapo, na tangu ujana wake alifua na kupiga pasi vitambaa vya madhabahu bila kuombwa wala kushukuriwa. Kisha miguu ikamwishia nguvu, akawa mtu wa kitandani. Tangu hapo alitaka jambo moja tu, kuletewa Ushirika Mtakatifu. Fundi alipeleka ujumbe. Mchungaji alijibu kwa upole kwamba angekuja mara tu baada ya semina ya mipango. Baada ya semina pakawa na warsha ya kuijadili semina. Baada ya warsha kamati ikakaa kuandika rasimu, na Mchungaji hakuweza kubanduka kitini. Kutoka mlango wa ofisi yake mpaka kitandani kwa Mama, mtu angefika kabla chai haijapoa.

Kaka alipita jioni ile akitoka kazini, mkoba wa kompyuta begani. Aliamkia, kisha akalipapasa benchi.

"Mbao nzuri hii," alisema. "Siku hizi huzipati."

"Iko juu ya kichwa cha mama yako," alisema Fundi.

"Naiona, mdogo wangu."

"Basi waambie waisogeze."

"Nani aisogeze? Hakuna aliyeisukuma." Alivua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kumkanda Mama miguu, kama alivyofanya kila alipokuja. Mikono yake ilikuwa na huruma ya kweli, na hilo ndilo lililomkera Fundi kuliko yote. "Tuliomba kanisa likue. Tumejibiwa. Sasa tuanze kulalamika?"

"Mama anaomba Ushirika. Hilo nalo mmeliombea?"

"Huduma kwa wagonjwa imo kwenye mpango. Ni lengo la tatu. Tunaanza mwakani."

"Na mwakani ikifika hayupo?"

"Usimtabirie Mama mabaya mbele yake."

"Naomba na mimi niulize," alisema Mama, kichwa kikiwa kwenye mto. "Lengo la kwanza ni lipi?"

"Kuwafikia wale ambao hawajafikiwa, Mama."

"Ndio akina nani hao?"

Kaka aliacha kukanda, akafikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya.

"Bado tunafanya utafiti," alisema.

Alivaa viatu akawahi kikao.

Jumamosi ilipofika, ukuta wa chumba haukuwepo. Hakukuwa na kifusi wala kishindo. Fundi alikuwa mbele kwenye cherehani, akishona kanzu za zambarau za kwaya kwa ajili ya uzinduzi wa mpango, ambao Askofu mwenyewe angekuja kuuongoza. Alipoinuka kwenda kumgeuza Mama, alifungua mlango akatokea kanisani. Kitanda kilikuwa pale pale kilipokuwa, ila sasa kulia na kushoto mwake kulikuwa na madirisha ya vioo vya rangi. Jua lilimwaga wekundu kwenye blanketi na bluu kwenye mto. Kabati la nguo lilisimama bega kwa bega na rafu ya vitabu vya nyimbo. Jiko la gesi lilikuwa karibu na kisima cha ubatizo, na Fundi alilivuta likakaa mbali, maana aliona si adabu kukaangia vitunguu mahali pale.

"Joto limepungua," alisema Mama. "Lakini nitajisaidiaje mbele ya watu?"

Fundi alitundika mapazia. Alikata vitenge vyake viwili, akavishona kwa hasira, sindano ikakatika mara mbili.

Jumapili watu walikuja, wakampita Mama kwa heshima, wakakaa. Wengine walimwamkia. Mwanamke mmoja wa kwaya aliomba radhi, akaning'iniza mkoba wake kwenye mguu wa kitanda. Kabla ya mahubiri, Kaka alishika kipaza sauti akawaomba wageni wasimame wajitambulishe. Hakusimama mtu. Alipoona hivyo akasema kwamba leo wana jambo la kumshukuru Mungu, kwani katika majuma ya kwanza tu ya mpango, kaya nzima imefikiwa. Mzee mmoja wa kanisa, mwenye suti ya kijivu, akapeleka kipaza sauti kitandani.

"Karibu sana, Mama. Jitambulishe tu hapo hapo ulipo."

Mama alikishika kile kipaza sauti kwa mikono yote miwili. Alikuwa amemfahamu tangu mzee yule akiimba kwaya ya watoto.

"Mimi ni mama yake mwenyekiti," alisema.

Watu wakapiga makofi. Kaka naye akapiga.

Fundi hakupiga. Alisubiri ibada iishe, akamfuata Mchungaji kwenye chumba cha kuvalia, akamkuta akivua joho, miwani imempanda kipajini. Alikuwa mtu mwema, amechoka, macho yamemwiva kwa vikao.

"Mchungaji, sikuja kwa ubaya. Mama yangu ameomba mpaka amenyamaza. Ulisema huna nafasi ya kutoka. Sasa kitanda kiko ndani ya kanisa lako."

"Nimemwona. Nimefurahi mno kumwona."

"Kwa nini basi umempita na kikombe mkononi?"

Mchungaji alikaa. "Tatizo ni utaratibu, mwanangu. Aliye mgonjwa nyumbani, tunamletea. Aliye kanisani, anakuja mbele. Mama yako kwa sasa hayupo nyumbani."

"Hatembei."

"Najua."

"Unajua, halafu?"

"Nikianza kugawa Ushirika vitandani, kesho kila mtu atakuja na kitanda. Nitalifikisha kwenye kamati." Alilisema hilo kwa sauti ya mtu ambaye angelia kama angepata nafasi, kisha mlango ukagongwa. Kamati ilikuwa imeshakaa inamsubiri.

Moto ulimpanda Fundi mpaka masikio yakamwasha. Juma zima hakuzungumza na mtu, hata wateja aliwapima kwa ishara. Kamati ilikaa, ikajadili uzinduzi, hema la wageni na maji ya kunywa ya Askofu, na suala la Mama likaahirishwa kwa sababu muda ulikuwa umekwenda. Kaka ndiye aliyeleta habari hiyo. Aliileta akiwa ameinama anamkanda Mama miguu.

"Si kwamba limekataliwa," alisema. "Limeahirishwa."

"Nimesikia," alisema Mama. "Kanda hapo kwenye kifundo."

Siku ya uzinduzi Fundi aliamka akamwogesha Mama nyuma ya mapazia, akampaka mafuta, akamvika gauni jeupe na kilemba. Kisha akachukua kitambaa cha zambarau kilichobaki kwenye kanzu za kwaya, pande zima ambalo halijaguswa na mkasi, akamfunga Mama mgongoni kama mtoto. Mama alikuwa mwepesi kama nguo iliyoanuliwa.

"Unanipeleka wapi?"

"Mbele. Wamesema uje mbele."

Askofu alihubiri juu ya ukuaji. Alisifu dari, ambayo sasa haikuonekana vizuri kwa umbali. Ulipofika wakati wa Ushirika, waumini waliokaa mabenchi ya mbele walijongea, wakapiga magoti, wakapokea mkate na kikombe, wakarudi wakiwa wameinamisha vichwa. Fundi alianza kutembea kutoka kitandani. Alipita safu za kwanza za mabenchi, kisha nyingine, zote tupu, zinang'aa, hazijawahi kukaliwa. Alikaza mwendo. Madhabahu ilikuwa mbele yake, kitambaa cheupe na mishumaa, na kadiri alivyokwenda ndivyo sakafu ilivyojinyoosha chini ya miguu yake, vigae vipya vikichomoza kati ya vigae vya zamani bila mlio. Fundi alitembea na kanisa likakua.

"Wamehamisha madhabahu?" aliuliza Mama sikioni mwake.

"Hapana, Mama. Kanisa linakua."

"Aa."

Jasho lilimtiririka Fundi machoni. Alimwona Mchungaji, mdogo kama kidole, akimlisha mtu wa mwisho kwenye ubao wa kupigia magoti. Alimwona akitazama huku na huku kama kuna mwingine. Fundi alinyoosha mkono juu. Alipaza sauti kwa nguvu zake zote: "Mchungaji, subiri! Mpe mama yangu!" Sauti ilikwenda, ikapita juu ya mabenchi yote yale, ikachoka njiani, ikafika mbele imebaki mvumo tu. Waumini wakaitikia, "Amina." Mchungaji akafunika kikombe.

Fundi alimkalisha Mama kwenye benchi lililokuwa karibu, naye akaketi sakafuni kupumua. Wimbo wa kufunga uliimbwa, wao wakiusikia umechelewa kidogo, maneno yakifika baada ya watu kwisha kufunga midomo. Maandamano yalitoka kwa mlango wa pembeni. Baadaye Kaka akaonekana anakuja, mkoba wa kompyuta begani, na alikuja kwa muda mrefu, akipunga mkono, akipangusa uso kwa leso, mpaka akawafikia. Alikuwa amejaa furaha.

"Askofu amewaoneni," alisema akihema. "Amesema kote alikozunguka hajaona mahali ambapo watu wanaikimbilia madhabahu namna ile. Atalitaja katika dayosisi nzima. Nilimwambia ni mama yangu na mdogo wangu."

"Hakupata," alisema Fundi.

"Nani hakupata?"

"Mama."

Kaka alimtazama Mama, akatazama kule mbele, na kwa muda uso wake ukawa wa mtoto aliyepotea sokoni. Kisha simu yake ikaita, akaitazama, akaizima, na uso ukarudi kuwa wa mwenyekiti.

"Nitalisimamia mimi mwenyewe," alisema. "Nakuapia." Akainama kumsaidia Mama kukaa vizuri, ndipo akaona. "Lakini mdogo wangu, hiki kitambaa si ni cha kwaya?"

Fundi alitafuta la kumjibu. Maneno yote aliyoyapata yalikuwa matusi, na walikuwa kanisani. Hapakuwa tena na mahali pa karibu ambapo si kanisani.

"Mwache aende," alisema Mama. "Atachelewa kikao."

Kaka aliubusu mkono wa mama yake, akaenda. Walisikia viatu vyake muda mrefu baada ya kuacha kumwona.

"Turudi kitandani?" aliuliza Fundi.

"Kiko wapi?"

Fundi aligeuka. Kitanda kilikuwa nukta nyekundu chini ya dirisha, kama kibiriti kilichoangushwa na mtu. Aligeukia mbele. Mishumaa nayo ilikuwa nukta.

"Huku na huko ni mbali sawasawa," alisema.

"Basi twende mbele."

Fundi alimbeba tena, akakaza fundo kifuani, akaanza kutembea. Kule madhabahuni mlinzi alikuwa akizima mishumaa mmoja baada ya mwingine. Hakuwa na haraka, kwani hakujua kuwa kuna watu wanakuja. Alipozima wa mwisho, wao walikuwa bado hawajaifikia hata mimbari.