Ushahidi Uliopigwa Pasi

Hakimu alitua kalamu, akamtazama mama aliyesimama kizimbani kama mtu anayeikagua noti mpya kupita kiasi.

"Nani amekufundisha maneno haya, mama?"

Kwenye benchi la nyuma, binti yake, mwalimu wa sekondari, alijua swali lile lilimhusu yeye. Wiki nzima alikuwa amekaa na mama kando ya cherehani, akimkatiza kila alipoianza habari kwa mbali, kama walivyozoea wazee wa kwao. Alimwonya kwamba mahakama haina subira; wataicheka lafudhi yake, wamwone mshamba, na mshamba haaminiwi. Mama alicheka. "Haya, mwalimu. Nikikosea nichape." Akakariri, akakaririshwa tena. Na leo ametamka bila kukwama: jioni ya tukio, mshtakiwa alikuwa nyumbani pamoja nami. Mshtakiwa. Ndivyo alivyomwita kitindamimba wake.

Mama hakujibu swali. Alihofu kumponza binti, akainamisha uso, na ukimya ule nao ukaandikwa.

Siku ya hukumu ilisemwa kwamba ushahidi wa mama mzazi ulikuwa wa kupangwa, na hapakuwa na mwingine wa kuutilia nguvu. Kijana akafungwa miaka saba kwa kuvunja duka ambalo hakulikanyaga.

Wakiwa barazani nje ya mahakama, mwalimu alimshika mama mkono. Alidhani alikuwa akimvika nguo ya heshima; kumbe alikuwa akimvua.

"Mama, jioni ile ilikuwaje? Nieleze unavyoeleza wewe."

Mama alivuta pumzi, akaanza kwa mbali.

"Si unalijua lile bati la jikoni, linavuja utadhani lina kisirani na mimi? Basi mvua imeshuka, ndugu yako kapanda mezani kuliziba, sufuria kajivika kichwani, anaimba na lile lisauti lake. Namwambia shuka, utaniulia meza. Ananijibu, meza imenilea hii, haiwezi kunitupa. Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta, akamtaja jina, akamwambia anyamaze. Hapo hapo tukasikia mayowe ya mwizi kule dukani."

"Jirani alimsikia?" mwalimu aliuliza. "Mbona hukuniambia?"

"Nilianza, mwanangu. Nilikuwa bado sijafika kwa jirani."

Uani, gari la magereza liliwashwa. Mama aliendelea kusimulia, jinsi kijana alivyoshuka mezani, alivyolowa, naye mwalimu hakumkatiza.