Kipande Kilichobaki kwa Fundi

Wewe mzazi mwenye mtoto mwepesi wa kalamu, sogea hapa usikie yaliyompata fundi mmoja wa cherehani. Sikuelezi ili ucheke, ingawa utacheka. Nakueleza ili ujihadhari, maana mwanao naye ana kalamu na wewe una mikono.

Fundi huyo alikuwa na chumba chake cha kushonea ubavuni mwa maktaba. Wateja walimwita Mama Pini, kwa sababu pini alizibana midomoni hata akiongea, na hakuna aliyewahi kumwona akimeza hata moja. Ila wasiwasi alikuwa nao wa kugawia majirani na ukabaki. Binti yake wa pekee akichelewa kidogo kurudi, yeye keshamzika. Akikohoa, keshamlaza wodini.

"Mama, nimekohoa tu," binti husema.

"Ndivyo wanavyoanzaga," hujibu mama.

Binti huyo ndiye aliyekuwa sauti ya kikundi cha wasomaji pale maktaba. Akimaliza kitabu huandika maoni yake kwenye karatasi, akaibandika kwenye ubao wa mlangoni, na watu walimwamini. Akisema kitabu kitamu, kinagombewa. Akisema kimelala, kinalala kweli, rafuni, na vumbi juu yake. Walimpachika jina la Profesa, na mama yake, ambaye shule aliishia ya msingi, alilifurahia jina hilo kuliko lile alilompa mwenyewe.

Basi kikaja kitabu cha historia ya daraja kubwa la mjini. Mwandishi wake alikuwa mtangazaji wa redio aliyestaafu, na aliandika kama alivyokuwa akitangaza: unasoma huku unasikia nyundo. Historia ya kusomwa na mtu yeyote, si ile ya kukaririshwa ukapigwa mtihani. Kila mtu alikitaka, na nakala ilikuwa moja.

Kikundi kingine kingepanga foleni. Hawa walikuwa na utaratibu wao. Mkutubi alimpelekea Mama Pini kitabu, naye akafumua mshono wa mgongoni, akakigawa vipande, na kila kipande akakishonea jalada la kitambaa cha mabaki: cha bluu, cha njano, cha kijani, na rangi nyingine zilizokuwa kwenye kapu. Vipande vikawa vinazunguka mikononi mwa watu, hadi vitakaporudi wote wamesoma, fundi avishone tena kuwa kitabu. Mmoja huanza mwanzo, mwingine katikati, na wakikutana ni ugomvi, maana huyu anamjua msimamizi wa ujenzi akiwa hai na yule keshasoma mazishi yake.

"Usiniambie! Usiniambie!" kinyozi alimfokea mteja siku moja, akamwacha na nusu ya ndevu mpaka alipoapa kunyamaza.

Kipande cha kijani kikabaki kwa fundi mwenyewe. Hakukiiba. Alikichukua aonje kidogo kabla ya kukipitisha, kidole chini ya mstari, midomo ikichezacheza. Humo mlikuwa na wanawake waliobeba mawe ya daraja kichwani. Mwandishi alikuwa amewaandika mmoja mmoja: yule aliyeimba ili wenzake wasisikie uzito, yule aliyegombana na karani akamnyang'anya kofia, na yule aliyepanda ngazi za mbao na mtoto mgongoni, akimfunika utosi kwa kitambaa chenye maji. Fundi akafika mwisho, akarudi mwanzo. Akasema kesho nampa mtu. Kesho ikaja, akakuta hajashiba.

"Mama, kuna kipande sijakiona," binti alimwambia akiwa anapiga pasi. "Kwenye cha njano watu wako machimboni, nikifungua cha bluu wako juu ya nguzo. Katikati hapo kuna kitu."

"Kinazunguka. Kitakufikia."

"Mwandishi anakuja Jumamosi. Maoni lazima yawe ubaoni kabla hajafika."

"Si usubiri?"

"Aa, Mama. Kipande kimoja kitakuwa na nini?"

Angalia hapo, mzazi mwenzangu. Mama kipande kiko chini ya mto wa kiti alichokalia. Binti anajua kuna kitu hajasoma. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kwa wote wawili, na kila mmoja akaupita akiangalia kwingine.

Ijumaa mchana kinyozi aliingia kufuata suruali yake, meno yote nje.

"Mama Pini, mwanao kampasua mzee wa watu! Hujasoma ubaoni?"

"Kampasua vipi?"

Kinyozi alikuwa ameyashika kwa kichwa. Maoni yalianza kwa sifa, tena sifa za kumwagika: kwamba kitabu hiki kimeishusha historia kutoka juu ya kabati kikaiketisha nasi mezani, kwamba hata anayechukia tarehe atakisoma mpaka chai ipoe. Halafu: "Lakini mwandishi huyu ana macho ya kuona wanaume tu. Ina maana daraja halikubebwa na mwanamke hata mmoja? Anayewasahau akina mama asijiite mwanahistoria."

Pini zikamtoka Mama Pini mdomoni zote, zikatawanyika sakafuni.

"Umeona moto huo?" kinyozi akasema, akidhani ni furaha. "Kuna muuguzi kikundini, karudisha kipande chake. Anasema kama Profesa kasema hivyo, yeye haendelei."

Alipoondoka, mama alikaa. Alimwona mwanawe kesho, mbele ya watu wote, mwandishi akimfunulia ukurasa na kumwambia soma, binti. Alimwona akirudi nyumbani, anaitupa kalamu, haishiki tena maisha yake yote. Akainuka, akaenda mpaka kwenye ubao, akaishika karatasi kwenye ncha aibandue. Mkutubi akatokea mlangoni. Mama akaachia, akajifanya anainyoosha.

Binti aliporudi, mama alimpa kile kipande cha kijani. Binti akakisoma akiwa amesimama, mkoba begani. Alipofika kwa yule wa kitambaa cha maji, akaketi.

"Ulikuwa nacho siku zote hizi?"

"Nilikuwa nakimalizia."

"Kurasa chache hizi, Mama!"

"Nikimaliza naanza tena. Twende tukaibandue ile karatasi. Kesho usiende, nitasema unaumwa. Mafua."

"Sina mafua."

"Utapata. Kaa dirishani tu."

Binti alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka, halafu machozi. "Karatasi sikuandikiwa na wewe," akasema. "Nilijua kuna kipande sijasoma. Nikajiona nimeshakielewa kitabu kuliko aliyekiandika."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mwandishi alikaa mbele, kofia magotini, na ile sauti yake ya redio ilipotoka kusalimia ilikuwa ndogo, ya mtu aliyepita mlangoni na kusoma. Binti akasimama na kipande cha kijani mkononi. Mama alishika ukingo wa kiti kana kwamba ndicho kinachomzuia mwanawe asianguke.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Niliandika kwamba umewasahau akina mama. Hukuwasahau. Mimi ndiye sikusoma. Kipande hiki nilijua kipo, nikakiruka, nikakuhukumu. Naomba unisamehe, na nyie mlioniamini mnisamehe."

Kinyozi hakuweza kuvumilia. "Sasa tukuaminije, Profesa?"

Mwandishi aliinua mkono kumnyamazisha. "Kwanza niambieni, kilikuwa kwa nani?"

Mama Pini akasimama. "Kwangu, mzee. Nilishindwa kukiachia."

"Kwa nini, mama?"

"Yule mwenye mtoto mgongoni. Kila nikifunga, moyo hautulii. Narudi kuangalia kama mtoto bado yuko salama."

Yule mzee alimtazama. "Mke wangu aliniambia nipafute pale," akasema. "Eti parefu." Akapangusa macho kwa kofia. "Nimesifiwa na wenye vyeo, mama. Hakuna aliyewahi kurudi kumwangalia mtoto."

Wewe unayesikia haya, kipande cha mwenzio kikiwa kwako, mpe leo. Na mwanao akishika kalamu kabla hajafika mwisho, mshike mkono, hata akununie. Si kila mwandishi ni mzee wa namna ile.

Binti hakukaa. Alikuwa hajajibu swali la kinyozi, na hakulijibu. Alikifungua kipande, akaomba wasiondoke kwanza, akaanza kuwasomea kwa sauti, tangu mstari wake wa kwanza. Mwandishi alisikiliza kama kitabu si chake. Midomo ya mama ilikuwa ikienda pamoja na ya binti, neno kwa neno, bila karatasi. Yule muuguzi aliyerudisha kipande alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, tayari kwenda. Binti alipofika kwenye kofia ya karani, muuguzi aliuweka mkoba chini.

Binti alipomaliza kusoma, kinyozi alikuwa wa kwanza kusema.

"Kipande cha kwanza kiko kwa nani? Mimi naanza upya."